Haiba ya Pikipiki Hulipwa na Nani?

Mwafrika Mashariki aliyehamia Thornhill, kaskazini mwa Toronto, akishapata kazi ya kueleweka na nyumba yenye gereji, aghalabu hujikuta amenunua pikipiki mbili. Ya kwanza ni yake mwenyewe. Anaitaka iwe na mngurumo mzito, tangi linalong'aa na jina la kumfanya jirani asimame kuuliza. Ya pili ni ya mpwa wake aliyeko Mbagala, Kisumu au Mbale, na hiyo anaichagua kwa simu, kwa maneno machache: iwe Boxer au TVS, iwe mpya, na spea zake zipatikane kila kona. Ukimuuliza kwa nini vigezo vimegeuka hivyo, atakujibu kwamba moja ni ya starehe na nyingine ni ya kazi, mazungumzo yaishe.

Jibu hilo ni la kweli, ila linafunika ubishi mkubwa ambao wapenzi wa pikipiki wameuendeleza kwa zaidi ya nusu karne. Wako wanaoamini kwamba pikipiki isiyoharibika haina roho, kwamba ukitaka chombo chenye haiba sharti ukubali na maudhi yake. Wako wanaowacheka na kusema haiba ni jina la heshima walilopewa ubovu na uvujaji wa oili. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba pande zote mbili zinatazama injini peke yake, ilhali sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hesabu ya maisha: siku chombo kikigoma njiani, nani analipa, na analipa kwa kitu gani.

Mtetemo ulikoanzia ubishi

Tuanze na chuma chenyewe. Injini inayojulikana zaidi ya Harley-Davidson, kampuni iliyozaliwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1903, ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V lenye nyuzi 45, na konrodi zote mbili zimeshika pini moja ya krenki. Kwa mpangilio huo mapigo hayawezi kuja kwa vipindi sawa. Silinda moja ikishalipuka, ya pili inafuata baada ya krenki kuzunguka nyuzi 315, kisha panapita nyuzi 405 kabla ya ile ya kwanza kulipuka tena. Hapo ndipo inapotoka sauti ya kuchechemea inayotambuliwa hata na mtu ambaye hajawahi kukalia pikipiki. Mwaka 1994 kampuni hiyo ilifikia hatua ya kuomba sauti yake isajiliwe kuwa alama ya biashara, na mwaka 2000, baada ya kubishana na washindani wake kwa miaka kadhaa, ikayaondoa maombi.

Mapigo yasiyo sawa huleta mtetemo, na mtetemo hauchagui wa kumpendeza na wa kumuudhi. Unampa mpandaji hisia kwamba amekalia kitu kilicho hai, na papo hapo unalegeza bolti, unapasua mabano ya tangi na kukata nyaya za taa. Kwa pikipiki za zamani, basi, kilichopendwa na kilicholaumiwa vilitoka chanzo kimoja. Ndiyo maana watu wakazoea kuamini kwamba huwezi kupata kimoja bila kingine.

Waingereza walikuwa na mkasa wao. Triumph na BSA za miaka ya 1960 ziligawa kasha la krenki kwa wima, nusu kushoto na nusu kulia, hivyo mshono ukapita mpaka chini, mahali oili inapokaa. Gaskiti ikichoka kidogo, oili inatoka. Mwenye pikipiki alizoea kuweka karatasi la boksi chini ya injini kila alipoegesha, na bado akaapa kwamba hakuna chombo kizuri kuliko hicho. Wahenga walishalimaliza neno hilo: ukipenda chongo huita kengeza.

Mwaka 1969 Honda ikaingiza sokoni CB750. Silinda zake nne zilipiga kwa vipindi sawa. Kasha lake liligawanywa kwa ulalo, mshono ukakaa juu ya usawa wa oili. Ilikuja na stata ya umeme na breki ya diski mbele, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Marekani aliweza kuifikiria. Ikawa haimdai mwenyewe elimu ya ufundi: unabonyeza, inawaka, unaondoka. Biashara ya wakongwe ikayumba. Kiwanda cha Triumph cha Meriden, Uingereza, kilifungwa mwaka 1983. Mwaka huohuo Rais Reagan alipandisha ushuru wa pikipiki kubwa zinazoingia Marekani, zile za zaidi ya cc 700, kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4 ili kuipa Harley-Davidson nafasi ya kupumua.

Nafasi hiyo ilitumiwaje? Harley-Davidson haikupanda jukwaani kuwahubiria watu kwamba oili kuvuja ni haiba. Mwaka 1984 ilileta injini mpya iliyoitwa Evolution, ya alumini, isiyovuja kama zile za kabla yake, na mwaka 1987 ikaomba yenyewe ule ushuru uondolewe kabla ya muda wake. Duka maarufu kuliko yote duniani kwa kuuza haiba liliokolewa na uimara. Wanaodai kwamba mpanda pikipiki wa kweli hajali chombo kuharibika wana kazi ya kuueleza ukweli huo.

Wanaoharibikiwa na bado wanapenda

Mwaka 2015 jarida la Marekani la Consumer Reports, linalopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, lilichapisha matokeo ya kuwauliza wasomaji wake kuhusu pikipiki zao. Kwa makadirio yake, pikipiki ikifikisha miaka minne, uwezekano wa kuwa imepata hitilafu kubwa au kuhitaji matengenezo makubwa ulikuwa asilimia 11 kwa Yamaha, 12 kwa Honda na Suzuki, na 15 kwa Kawasaki. Ukivuka Japani, namba zinapanda: Harley-Davidson 26, Triumph 29, Ducati 33, BMW 40. Aliyeburura mkia alikuwa Can-Am Spyder wa magurudumu matatu, bidhaa ya kampuni ya BRP ya Valcourt, Quebec, yaani Kanada yenyewe, kwa asilimia 42.

Jarida liliuliza pia swali la pili: je, ungenunua tena chombo hichohicho? Hapo safu ikapinduka. Victory ya Marekani iliongoza, asilimia 80 ya wenye nayo wakisema ndiyo, Harley-Davidson ikafuata kwa 72 na Honda kwa 70. Yamaha, bingwa wa kutoharibika, ikaachwa nyuma.

Wengi waliozisoma namba hizo walihitimisha kwamba mapenzi hayana macho. Nionavyo mimi, macho yapo tena yanaona vizuri. Hitilafu nyingi zilizotajwa zilihusu vifaa vya ziada, breki, umeme na mfumo wa mafuta, na injini kufa halikuwa jambo la kila siku. Mwenye chombo alikipeleka kwa wakala, mara nyingi kikiwa bado ndani ya dhamana, akarudi nyumbani na kuendelea na gari lake. Kilichomtoka ni Jumamosi moja. Kwa bei hiyo, mtu anaweza kusamehe mengi.

Victory ina somo jingine. Mnamo Januari 2017 kampuni mama, Polaris, ilitangaza kuifunga, ikaahidi kuendelea kutoa spea kwa miaka 10. Pikipiki iliyopendwa na wenye nayo kuliko zote katika utafiti ule ndiyo iliyokufa. Mapenzi ya mnunuzi hayawezi kushikilia kiwanda, na kiwanda kikifungwa, hata chombo kisichoharibika huanza kuhesabiwa siku.

Thornhill: chombo kinachougua kwa kukaa

Thornhill ni kitongoji kilichokatwa katikati na barabara ya Yonge. Upande wa magharibi ni mji wa Vaughan, wa mashariki ni Markham, na ukivuka Steeles kwenda kusini umeingia Toronto. Nyumba nyingi zina gereji, na ndani ya gereji hizo pikipiki hulala karibu nusu mwaka. Kufikia Novemba barabara zinaanza kumwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, chumvi inayokula chuma kama ilavyo mabati ya pwani, na mpaka Aprili si rahisi kumwona mtu mwenye akili timamu juu ya tairi mbili zenye injini.

Kwa hiyo, adui wa pikipiki ya Thornhill ni kukaa. Petroli iliyoachwa miezi mitano kwenye kabureta huganda, ikaziba vitundu ambavyo hata sindano haipiti kirahisi. Betri iliyokosa chaji hufa kwa baridi. Tairi zilizosimama sehemu moja hupata bapa. Panya, ambao nao wanatafuta joto, hujenga kiota ndani ya kichujio cha hewa. Mwenye kujua kazi yake hujaza tangi mpaka juu kabla ya theluji, huchanganya petroli na dawa ya kuizuia isioze, humwaga oili chafu ili isikae na asidi zake ndani ya injini, kisha huiunganisha betri na chaja ndogo ya kudumu. Asiyejua hushangaa majira ya kuchipua: mwaka jana kilikuwa kinawaka kwa mguso mmoja, leo stata inazunguka na kuzunguka mpaka inatoa sauti ya kukata tamaa, na jirani anayekata majani ameshageuka kutazama. Kisha anaandika kwamba aina fulani ya pikipiki ni mbovu. Aina haijakosa kitu.

Sheria nazo zinaifanya pikipiki iwe chombo cha pili. Anayeanza Ontario hupewa leseni ya M1, inayodumu siku 90. Kwa leseni hiyo haruhusiwi kubeba abiria, haendeshi usiku, na barabara nyingi zenye mwendo unaozidi kilomita 80 kwa saa hazimhusu. Ukijumlisha bima, ambayo kwa pikipiki za Ontario ni mzigo mzito, na ukijumlisha Januari, unaona kwamba hakuna baba wa watoto wa shule anayeweza kuishi Thornhill kwa kutegemea pikipiki. Gari lipo mlangoni tayari.

Gari hilo la mlangoni ndilo linaloruhusu haiba iwepo. Mtu akipanda pikipiki yake siku za mwisho wa wiki, tuseme kilomita 200 kila mara kwa wiki 24 za hali nzuri ya hewa, hafikishi kilomita 5,000 kwa mwaka. Kila Ijumaa inayoangukia tarehe 13, desturi iliyoanza mwaka 1981, maelfu ya wapanda pikipiki hukusanyika Port Dover, mji mdogo wa Ontario kando ya Ziwa Erie. Ukipita kati ya safu zile zilizoegeshwa, watu wanaulizana mwaka wa kutengenezwa, rangi, mabomba ya moshi na sauti. Kwamba kila mmoja amefika salama kwa chombo chake, hilo limeshachukuliwa kuwa la kawaida. Haiba huanza kuongelewa pale uimara unapoacha kuwa habari.

Kijiweni: chombo kinachougua kwa kutokukaa

Turudi kwa mpwa. Ujumbe wake wa sauti huwa wa namna moja: "Shikamoo mjomba. Mjomba, chuma kimeanza kula oili, fundi anasema ringi zimekwisha. Leo sijalaza hata mia." Kwake yeye hakuna gari la mlangoni, pikipiki ndiyo mlango wenyewe.

Tufanye hesabu. Dereva wa bodaboda anayezunguka kilomita 100 kwa siku, siku sita za wiki, anavuka kilomita 30,000 kwa mwaka. Kilomita hizo hazifanani na za Thornhill. Ni za foleni, matuta na vumbi, gia ya kwanza na ya pili, injini ikichemka chini ya jua, huku nyuma wamekaa abiria wawili kwa mtindo wa mishikaki, au gunia la mkaa na kuku wa mtu. Mjini Goma, ambako lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 iliacha mawe makali kama viwembe, shokapu na rimu hufa kabla injini haijafikiria kuchoka.

Jioni kuna hesabu. Anayeendesha chombo cha tajiri hupeleka kiasi kilichopangwa, ambacho Dar es Salaam mara nyingi ni kati ya shilingi 7,000 na 10,000 kwa siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Mwenye mkataba hupeleka vivyo hivyo kwa muda wa mwaka na zaidi, mpaka chombo kiwe chake. Chombo kikilala kwa fundi, hesabu hailali. Dereva anapoteza mapato ya siku, anamlipa fundi, ananunua spea, na deni la tajiri linasogea kesho yake. Wateja wake wa kila asubuhi, mwalimu na mama wa sokoni, wameshapata dereva mwingine. Hitilafu ambayo kule inakula Jumamosi moja, hapa inaweza kula ada ya shule.

Ndiyo maana kijiweni hakuna anayebishania roho ya injini. Biashara hii ilipanuka kwa kasi baada ya Kenya kuondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250 mwaka 2008, na baada ya Tanzania kuzitambua pikipiki na bajaji za abiria kwa kanuni za leseni za mwaka 2010. Tangu hapo madereva wameendesha utafiti wao wenyewe, mkubwa kuliko wa jarida lolote, na matokeo yanaonekana barabarani: Boxer ya Bajaj na pikipiki za TVS, zote za India, zimezisukuma pembeni nyingi za Kichina zilizotangulia. Sababu zinazotajwa ni zilezile kila mahali. Inakula mafuta kidogo. Spea ziko dukani. Kila fundi anaijua. Ukichoka nayo, inauzika. Hakuna hata moja inayohusu raha ya dereva.

Uimara hauji ndani ya boksi

Hapa ndipo wapenzi wa uimara nao wanapoteleza, kwa kudhani kwamba kutegemeka ni sifa inayotoka kiwandani ikiwa imefungashwa na chombo.

Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona jinsi pikipiki zao ndogo zilivyokufa katika nchi ambazo mwenye chombo hubadili oili akikumbuka. Kamshafti ya juu, inayoendeshwa na cheni yake na kutegemea oili safi, ilikuwa ya kwanza kuumia. Wakaamua kurudi nyuma kwa makusudi, kwenye fimbo za kusukuma vali, teknolojia ya zamani lakini inayovumilia kutelekezwa. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa miaka mingi, na nyingi za pikipiki za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki ni wajukuu wake. Ni mchoro uleule, na bado baadhi ya wajukuu walisifiwa na wengine wakalaaniwa. Tofauti ilitokana na ubora wa chuma, usahihi wa mashine zilizokikata, na kama duka la jirani liliuza ringi za kweli au za kughushi.

Mfano wa pili unahusu watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waingereza Barry na Andrea Coleman, pamoja na mkimbiza pikipiki Mmarekani Randy Mamola, waliguswa na jambo lililokuwa likionekana nchi baada ya nchi barani Afrika: pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa nyuma ya ofisi zikiwa bado changa, nyingine kwa kukosa kifaa cha bei ndogo. Wakaanzisha Riders for Health. Dawa yao haikuwa kuleta pikipiki bora zaidi. Waliwafundisha wahudumu kukagua chombo kila siku, wakapanga sevisi kwa ratiba, wakabadilisha kifaa kabla hakijakatika. Katika Lesotho na nchi nyingine walikofanya kazi, pikipiki za kawaida kabisa zikaanza kudumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye injini ukuta huo unaitwa ovahoo.

Fundi wa chini ya mwarobaini ni sehemu ya uimara huo. Mtazame akiwa kazini: seti moja ya spana, bisibisi, dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu likawa beseni, ndani yake mafuta ya taa. Anafungua kichwa cha Boxer, anaosha pistoni, anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kucha ya kidole gumba ukutani mwa silinda kutafuta mkwaruzo, na kabla ya adhuhuri chombo kimerudi barabarani. Hakuna kompyuta wala miadi. Sasa mpelekee fundi huyohuyo Ducati, ambayo kwa miaka mingi vali zake zilifungwa kwa kamu badala ya springi, mfumo uliosifiwa kwa mwendo kasi na kuogopwa kwa gharama ya kuupima. Fundi si mjinga, ila hana vipimo wala spea, na chombo kitakaa hapo mpaka mvua za vuli. Ducati wenyewe waliliona tatizo: injini yao ya V4 iliyoingia na Multistrada ilirudi kwenye springi, wakatangaza kwamba vali zitapimwa kila baada ya kilomita 60,000.

Igeuze hali. Chukua Boxer, malkia wa kijiwe, uilete Thornhill. Klachi kebo ikikatika, utaagiza kutoka ng'ambo na kusubiri. Wakala hana mchoro wake. Kwenye barabara kuu ya 407, ambako magari yanapita kwa kilomita 100 kwa saa na zaidi, injini ya cc 150 itakuwa inalia mpaka mwisho wa uwezo wake huku lori linakusogelea mgongoni. Chombo kinachotegemewa kuliko vyote Mbagala kitakuwa yatima Thornhill. Uimara, basi, ni mapatano kati ya chombo, barabara, fundi na duka la spea. Akikosekana mmoja, sifa za kiwanda hazitakufikisha popote.

Haiba ya kutengenezwa na haiba ya kubandika

Kama uimara hautoki kiwandani pekee, haiba nayo siku hizi haihitaji ubovu. Wahandisi wamejifunza kutenganisha vitu vilivyodhaniwa ni kimoja. Mwaka 1995 Yamaha ilitoa TRX850 yenye silinda mbili zilizosimama sambamba, lakini krenki yake ikakunjwa kwa nyuzi 270 ili mapigo yaje kwa mwendo wa kudunda kama ya injini ya V. Leo mpangilio huo umeenea: MT-07 ya Yamaha, Africa Twin ya Honda iliyorudi mwaka 2016, Royal Enfield za cc 650 za mwaka 2018. Zinadunda, zina sauti, na zinawaka kila asubuhi.

Harley-Davidson ikaenda mbali zaidi. Injini yake ya Milwaukee-Eight ya mwaka 2016 ina kisawazishi cha ndani kinachofuta takriban asilimia 75 ya mtetemo mkuu injini inapounguruma bila mwendo. Ingewezekana kufuta zaidi, lakini iliyobaki iliachwa kwa makusudi kwa kuwa wateja wangelalamika. Mtetemo uliokuwa kosa la mchoro sasa ni bidhaa inayopimwa kwa asilimia, na mwenye kutaka pikipiki kubwa ya safari ya kampuni hiyo huko Kanada hulipa dola 30,000 na zaidi.

Bodaboda walifika kwenye suluhisho hilo kwa njia yao, bila mhandisi. Haiba wanaibandika nje. Madigadi ya nyuma yenye maneno ya dua au ya kumchokoza mpinzani, kiti kilichoshonwa kwa nyuzi za rangi ya timu, taa za kumetameta, redio, mwamvuli mrefu wa Kampala na Nairobi, jina la mtoto wa kwanza kwenye kioo. Chini ya mapambo hayo kuna injini ileile ya kila mtu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Haiba ya namna hiyo ikivunjika, chombo hakisimami.

Tusiidharau pia, kwa sababu ina kazi. Mtu hutunza anachokipenda. Madereva wengi watakwambia kwamba chombo cha mkataba hutunzwa kuliko cha hesabu: anayejua kwamba baada ya miezi kadhaa pikipiki itakuwa yake humwaga oili mapema, hukaza cheni, hukataa kupakia watu watatu kwenye mlima. Anayeendesha cha tajiri hana sababu hiyo. Mapenzi hayatoki tu kwenye sauti ya injini, yanatoka pia kwenye umiliki, na mapenzi hayo huongeza umri wa chombo. Hapo haiba na uimara, walioitwa maadui, wanavuta kamba upande mmoja.

Injini ikinyamaza

Pikipiki za umeme zinaleta ubishi huu upya. Ampersand ilianza biashara Rwanda mwaka 2019 kwa mfumo wa kubadilisha betri vituoni, na kampuni kama Roam na Spiro zinashindania madereva wa Nairobi. Hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi, hakuna ringi. Kwa upande wa vyuma vinavyosagana, hiki ndicho chombo ambacho dereva wa bodaboda amekuwa akikiota. Lakini kutegemeka kumehamia kwingine: sasa ni kituo cha betri, umeme wa gridi na kampuni yenye kituo. Kikifungwa, au bei ikipanda, fundi wa mwarobaini hawezi kukuokoa kwa spana.

Harley-Davidson nayo ilijaribu njia hiyo mwaka 2019 kwa LiveWire, pikipiki ya umeme isiyo na mngurumo uliolipa mishahara ya kampuni kwa karne nzima. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilisimamisha utengenezaji kwa muda mfupi baada ya kugundua tatizo lililohusu kuchaji. Chombo kilikosa sauti, na kwa siku kadhaa kikakosa na uhakika pia.

Hukumu

Anayetaka kununua ana maswali matatu ya kujibu kabla ya kusikiliza sauti ya injini. Chombo kikigoma, nina njia nyingine ya kufika ninakokwenda kesho asubuhi? Fundi anayekijua na duka lenye spea zake viko umbali gani kutoka mlangoni kwangu? Na kitakufa kwa kukaa au kwa kutokukaa, maana kila kifo kina dawa yake?

Kwa mkazi wa Thornhill mwenye gari, majibu yanamruhusu kununua mtetemo autakao, mradi asisahau chaja ya betri Novemba. Kwa mpwa, anunue uimara na abandike haiba mwenyewe. Na mjomba anayetuma hela nyumbani asichague chombo cha kijiweni kwa ladha ya gereji yake: aanze kwa kumpigia simu fundi wa mtaani, amuulize ni ipi anayoweza kuifungua na kuifunga kabla ya adhuhuri, kisha anunue hiyo.